Maoni juu ya biti ambayo haijaisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya prodyuza anayeanza, mwenye singeli, amapiano, afro house au mdundo mwingine wa kompyuta uliokwama katikati. Mifano mingi tumeitoa kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta, kwa kuwa wengi huanzia huko, lakini mambo yenyewe ni yaleyale hata kama unatumia Ableton Live au programu ya kwenye simu.

Biti ifike wapi ndipo niisikilizishe watu?

Ifike mahali ambapo kuna kitu kinabadilika. Lupu (kipande kifupi) ya baa nne inayojirudia haimpi msikilizaji cha kupima zaidi ya kusema sauti hii ameipenda au hakuipenda. Kwa uchache uwe na sehemu kuu iliyosimama, sehemu ya pili inayotofautiana nayo, na namna ya kuvuka kutoka moja kwenda nyingine. Hapo pa kuvuka ndipo biti nyingi za wanaoanza zinapofia, na ndipo unapohitaji sikio la mtu mwingine.

Kwa urefu, piga hesabu. Baa moja ya mapigo manne huchukua sekunde 240 ukigawanya kwa BPM, yaani idadi ya mapigo kwa dakika. Amapiano ya 112 BPM ina baa ya sekunde 2.14, kwa hiyo baa 32 ni kama sekunde 69. Singeli ya 200 BPM ina baa ya sekunde 1.2 tu, na baa 32 zinakwisha kwa kama sekunde 38, kabla msikilizaji hajatulia. Huko nenda hadi baa 48 au 64. Lengo ni dakika moja hadi moja na nusu. Mtu mwenye shughuli zake ataisikiliza yote, pengine mara mbili. Ukimpelekea dakika sita ataruka hadi katikati, na maoni yake yatakuwa ya vipande alivyoviokota.

Wala usingoje iishe kabisa. Ukishatumia wiki tatu kuchonga kila mpito, mtu akikwambia utangulizi ni mrefu mno hutaukata hata kama amesema kweli, kwa sababu kazi uliyoizika humo inauma kuitupa. Maoni juu ya mpangilio yana faida wakati mpangilio bado ni wa kuhamishika.

Kabla ya kutuma nifanye nini?

Ilaze usiku mmoja. Kesho yake icheze kwa sauti ya chini ukiwa chumba cha pili, mlango wazi, na usikilize ni kitu gani kinakufikia. Kama ni hai-hati (matoazi ya juu) peke yake, uwiano umeharibika na hahitajiki mtu wa kukuambia. Rekebisha kila unachokijua tayari. Ukijikuta unaandika "najua kiki ni dhaifu, nitaishughulikia", simama uishughulikie, maana nusu ya watu watakaokujibu watakurudishia hilohilo la kiki (ngoma nzito ya chini) na hutapata jipya.

Kisha hifadhi toleo jipya lenye namba yake. Kwenye FL Studio, Ctrl+N huhifadhi nakala mpya na kuongeza namba yenyewe. Maoni yanayosema "pale mwanzo palikuwa patamu zaidi" hayana msaada kama pale mwanzo umeshapafuta.

Nimtumie nani?

Inategemea unataka kujua nini. Mtu anayecheza muziki wa aina hiyo lakini hajui kutengeneza ndiye shahidi bora wa kuchoka na kusisimka: mwili wake haudanganyi. DJ atakuambia kama utangulizi unampa nafasi ya kuunganisha na kama nguvu inapanda kwa wakati. Prodyuza mwenzako atasikia sauti zinazogombana, ila naye ana udhaifu wake; huanza kusikia biti ambayo angeitengeneza yeye, akaacha kusikia yako.

Kubwa kuliko yote, awe mtu anayeujua muziki huo. Singeli, iliyokulia mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, hukimbia BPM 200 na kupanda. Mpe prodyuza wa hip hop ambaye hajawahi kusimama kwenye kigodoro (sherehe ya mtaani ya usiku), atakuambia upunguze kasi, uongeze ukimya, lupu inajirudia mno. Kwa hip hop yuko sahihi. Kwa singeli amekushauri uiue. Hali ni hiyohiyo kwa amapiano: asiyeizoea atalalamika kwamba dakika ya kwanza "haianzi", wakati muziki wenyewe umejengwa juu ya subira hiyo.

Watu watatu hadi watano wanatosha kwa toleo moja. Usiwape wote kwa pamoja. Waanze wawili, urekebishe, kisha wengine waisikie wakiwa na masikio mapya. Msikilizaji wa mara ya kwanza ni mali, na kila mmoja unaweza kumtumia mara moja tu.

Nimeuliza "unaionaje?" nikajibiwa "kali sana kaka". Sasa?

Umejibiwa sawasawa na ulivyouliza. Swali pana linaitisha adabu, na adabu zetu hazimruhusu mtu kukuambia usoni kwamba kazi yako inachosha. Muulize jambo ambalo kulijibu si kukukosea heshima.

Ujumbe unaozaa majibu unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo kaka. Hii ni amapiano, 112 BPM, sekunde 80, miksi bado. Naomba uisikilize mara moja bila kusimamisha, kwa hedifoni au spika, halafu uniambie mambo mawili. Ni sekunde ya ngapi umeanza kufikiria kitu kingine? Na pale 0:41 inapobadilika, nguvu imepanda au imeshuka? Ukipata nafasi kabla ya Jumapili nitashukuru sana."

Hapo amejua aina ya muziki, urefu, hatua iliyofikia, asichopaswa kuhangaika nacho, na mwisho wa kujibu. Maswali ni mawili, siyo kumi. Swali la kuchoka linamwondolea mzigo wa kuhukumu: anataja sekunde tu.

Epuka swali linalobeba jibu ndani yake. Ukiuliza "besi imezidi?", masikio yake yataenda kwenye besi na atakubali kwamba imezidi, ingawa asingeiona. Ukiwa na wasiwasi na besi, mwache kwanza asikilize akiwa huru. Akimaliza bila kuitaja, hilo nalo ni jibu.

Kuna swali jingine zuri la kumuuliza siku ya pili: "ni sauti gani unaikumbuka?" Akiweza kukuimbia kipande, shikilia kipande hicho.

Nitume faili ya aina gani?

Kwa maoni ya mpangilio na hisia, MP3 ya 320 kbps. Ni takriban MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo sekunde 90 ni MB 3.6. WAV ya biti 16 (hapa biti ni "bit" ya kompyuta, siyo mdundo) na kHz 44.1 ni kama MB 10 kwa dakika. Sekunde hizohizo 90 zinafika MB 16, na hilo ni bando la mtu mwingine unalolitumia. WAV ibaki kwa mtu atakayekusaidia kwenye miksi, yaani kusawazisha sauti zote pamoja.

WhatsApp ni sawa, kwa sharti moja: ambatisha faili kama hati, yaani dokumenti. Usirekodi biti kwa ujumbe wa sauti ukiwa umeelekeza simu kwenye spika. Ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Upana wa kushoto na kulia unapotea, sauti za juu zinakatwa, na maikrofoni ya simu haiokoti besi ya chini. Mtu atakukosoa kwa makosa ya simu yako. Ukitumia kiungo cha Google Drive, fungua ruhusa ili yeyote mwenye kiungo asikilize, kisha kijaribu mwenyewe kwenye simu ambayo haijaingia akaunti yako. Maombi mengi ya maoni hufia pale kiungo kinapoomba ruhusa. SoundCloud ina kiungo cha faragha na inamruhusu msikilizaji kuandika maoni juu ya sekunde husika, jambo ambalo ni la thamani kubwa, ingawa nayo hubana sauti upya.

Jina la faili libebe taarifa: jina la kazi, BPM, ki (noti ya msingi ya wimbo), na namba ya toleo, kama Usiku_112_Fm_v03. "mpya final final2" haimsaidii yeyote, hasa wewe mwezi ujao.

Wakati wa kutoa faili, angalia mambo mawili. Kata ukimya wa mwanzo, maana sekunde nne tupu zinamfanya mtu adhani faili imeharibika. Halafu kwenye dirisha la kutolea la FL Studio, chagua mkia ubakizwe. Ukichagua ukatwe, mwangwi wa mwisho utakatika ghafla na utapokea lawama za mwisho mbovu ambao hukuutunga.

Natumia toleo la majaribio la FL Studio. Inawezekana?

Inawezekana. Linatoa MP3 na WAV, na linahifadhi mradi, ila mradi uliohifadhiwa hautafunguka tena mpaka ununue programu. Kwa hiyo kabla ya kufunga, toa biti nzima na pia kila chaneli ya mikisa peke yake. Maoni yakirudi utayafanyia kazi kwa vipande hivyo vya sauti.

Niweke limita (kizuizi cha sauti isivuke kikomo) kwenye masta (chaneli ya mwisho zinamopita sauti zote)?

Kama mtu anasikiliza wimbo, unaweza kuweka limita nyepesi ili sauti isiwe ndogo mno, ikiwa na kikomo cha -1 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa sababu kubana kuwa MP3 huweza kusukuma vilele juu kidogo ya pale ulipoviacha. Kama mtu anakusaidia miksi, iondoe, na vilele vya masta vikae karibu na -6 dB. Angalia pia kiolezo ulichoanzia: huenda kimekuwekea Fruity Limiter kwenye masta bila wewe kujua. Izime usikilize. Kama biti imeanza kupasuka, basi limita ilikuwa inaficha kwamba chaneli zako zote ziko juu mno. Shusha zote kwa pamoja, kiasi kilekile, na uwiano hautabadilika.

Wanasema besi haisikiki, na kwangu inagonga ukuta. Nani mkweli?

Wote wakweli. Hili ndilo lalamiko linalorudi kuliko mengine, na lina sababu tatu tofauti ambazo hazina dawa moja.

Ya kwanza ni kifaa. Noti ya A ya chini iko Hz 55, yaani mitetemo 55 kwa sekunde. Spika ya simu ni ndogo mno kuisukuma hewa kwa mwendo huo. Chini ya Hz 200 inatoa kidogo sana. Kama besi yako ni wimbi safi la saini (sine), lenye Hz 55 peke yake, kwenye simu haipo. Dawa ni kuipa mwenza wa juu: uchafu kidogo wa kupasua sauti, kwa mfano Fruity Blood Overdrive kwa kiasi kidogo, unazalisha Hz 110, 165, 220 na kuendelea. Spika ya simu inazitoa hizo, na ubongo wa msikilizaji unajijazia noti ya chini ambayo haipo. Ndiyo maana logi dramu (sauti ya besi inayogonga) ya amapiano inasikika hata kwenye simu ya bei ndogo: ina uchafu wa kutosha juu ya mzizi wake.

Ya pili ni upana. Plagini (programu ndogo za kuongezea) za kupanua sauti, zikiwekwa kwenye besi, hufanya upande wa kushoto na wa kulia zivutane. Simu au spika ya baa ya vinywaji ikiziunganisha kuwa moja, zinafutana na besi inatoweka. Jaribu sasa hivi: kwenye chaneli ya masta, geuza kitufe cha utengano wa stirio hadi pande zote ziwe moja. Kama besi imeshuka sana, ondoa upanuzi wowote ulio chini ya takriban Hz 120. Jaribio hili lichukue sekunde kumi kabla ya kila unapotuma.

Ya tatu ni kiki na besi kupiga mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hapa kasi ya muziki inaamua. Kwenye 112 BPM, kutoka pigo hadi pigo ni milisekunde 536, kuna nafasi. Kwenye 200 BPM ni milisekunde 300. Kiki yenye mkia wa milisekunde 400 itaikanyaga kiki inayofuata, na chini kote kutakuwa mngurumo mmoja usio na pigo. Fupisha mkia kwanza. Kisha ifanye besi ipishe: kompresa inayosikiliza kiki, ishushe besi dB 3 hadi 6, iachie ndani ya milisekunde 100 kwa singeli, hata 200 kwa amapiano. Kuongeza sauti ya besi kunazidisha ugomvi uleule.

Ikiwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo, tazama chumba chako. Chumba kidogo chenye kuta tupu hukuza baadhi ya noti za besi na kumeza nyingine, na ukihama hatua mbili kutoka kwenye kiti unasikia besi tofauti. Kagua kwa hedifoni za waya. Za Bluetooth hubana sauti tena na nyingi zimeongezewa besi kiwandani.

"Ina matope." "Haina roho." "Kuna kitu kinakosekana." Nifanyeje na maneno haya?

Yatafsiri. Matope mara nyingi yako kati ya Hz 200 na 400, ambako piano, kinanda cha kutandaza (pad), sauti ya kiume na mwangwi vyote hukutana. Usianze kukata ovyo. Zima chaneli moja moja biti ikiendelea. Ile ambayo ukiizima kila kitu kinang'aa ndiyo mhusika. Iteremshe dB 2 hadi 4 eneo hilo, na kwenye mwangwi ondoa kila kilicho chini ya Hz 250.

"Inachoma masikio" tafuta kati ya Hz 2,000 na 5,000, au hai-hati iliyo juu mno. "Haina nguvu" mara nyingi ni tatizo la sehemu iliyotangulia: kama kabla ya kubadilika ulikuwa umejaza kila kitu, hakuna pa kupandia. Toa kiki na besi kwa baa mbili kabla ya mabadiliko, usikilize tena kabla hujaongeza safu yoyote.

"Haina roho" na "kuna kitu kinakosekana" mrudishie mwenyewe kwa swali: ilianza kukosekana sekunde ya ngapi? Akitaja muda, nenda pale uone ni nini kimetulia kwa muda mrefu bila kusogea. Akishindwa kutaja, liweke kando mpaka mtu mwingine aseme kitu cha aina hiyo.

Mmoja anasema ongeza, mwingine anasema punguza. Nimsikilize nani?

Tenga walichosikia na walichoshauri. Mtu akikuambia alichokisikia, kwamba alichoka kwenye sekunde ya 50, hilo limetokea na huwezi kulibishia. Akikuambia cha kufanya, kwamba weka zumari hapo, hiyo ni dhana yake. Wawili wanaopingana katika ushauri mara nyingi wameonyesha palepale: mmoja anataka uongeze kinanda kwenye 0:50, mwingine anataka ufute hai-hati kwenye 0:50. Wamekubaliana kwamba 0:50 ina tatizo. Tatizo ni lao kuliona. Dawa ni yako.

Andika majibu yote kwenye karatasi kwa mpangilio wa sekunde. Sekunde iliyotajwa na watu wawili au zaidi, ishughulikie leo. Iliyotajwa na mmoja, irudie kesho. Ambayo unaipenda na hakuna aliyeilalamikia, usiiguse.

Nijitetee?

Hapana. Sema asante, uliza sekunde, nyamaza. Ukieleza kwa nini ulifanya hivyo, atakuonea haya, na safari ijayo atakujibu "kali".

Nilinganishe na wimbo uliokwisha kutoka?

Ndiyo, na ulinganishe kabla ya kuwapa watu, lakini kwa sauti iliyosawazishwa. Wimbo uliofanyiwa mastaringi (umaliziaji wa mwisho kabla ya kutoka) huwa juu ya biti yako kwa dB 6 hadi 10, na sikio linapenda kilicho juu. Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba usikivu wetu wa besi na wa sauti za juu kabisa hupungua kiasi cha sauti kinaposhuka, kwa hiyo wimbo mkubwa unaonekana mnono na unaong'aa kwa sababu ya ukubwa tu. Uingize kwenye mradi, kwenye chaneli isiyopita limita yako, ushushe hadi vyote viwili viwe sawa masikioni, kisha hamahama kati yao kila baada ya sekunde kumi. Chagua wimbo mmoja wa aina ileile na kasi inayokaribiana. Ukichagua mitano utapotea.

Nimpe mradi wenyewe?

Kwa maoni, hapana. Mtu akifungua mradi wako ataanza kurekebisha badala ya kusikiliza, na plagini asizonazo hazitafunguka. Kama mnashirikiana kweli, FL Studio ina chaguo la kutoa mradi ukiwa zipu pamoja na sampuli zake, na Ableton Live ina la kukusanya faili zote na kuhifadhi. Njia salama zaidi ni kila chaneli kama WAV yake, zote zianzie sekunde ya sifuri, na BPM iandikwe kwenye jina la folda.

Wakiiba je?

Hakimiliki yako inaanza pale biti inaporekodiwa, bila kusubiri usajili. Ndivyo Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, unavyotaka, na Kenya imo tangu 1993, Tanzania tangu 1994. Kinacholindwa ni kazi yako halisi. Kasi, mtindo na mpangilio wa kawaida wa ngoma havina mwenyewe. Tunza matoleo yote ya mradi na tarehe zake, jitumie faili kwa barua pepe, na kazi ikikaribia kutoka isajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA (Tanzania) au KECOBO (Kenya), ili uwe na karatasi ya kuonyesha. Hofu ya kuibiwa sekunde 80 za biti ambayo haijaisha imewazuia wengi zaidi ya wizi wenyewe. Anayekutia shaka, usimtumie.

Amepokea, ametia tiki za bluu, kimya.

Mkumbushe mara moja baada ya wiki, kwa sentensi moja, bila kutuma faili tena. Asipojibu, mwache, na usimwekee kinyongo. Njia ya kupunguza kimya ni kuwa wewe ndiye unayesikiliza za wengine kwanza, kwa makini na kwa kutaja sekunde. Zoezi hilo pia linanoa sikio lako kwa biti yako mwenyewe.

Niirekebishe na kuomba maoni mara ngapi?

Duru mbili hadi tatu. Ya kwanza juu ya mpangilio, ya pili juu ya miksi, ya tatu kama kuna kitu kikubwa kimebadilika. Ikifika mahali majibu yanahusu mambo ya dB 1 tu, au wanakutajia sekunde tofauti kila mtu na yake, toa WAV ya biti 24, andika tarehe, na ufungue mradi mpya.